Kupima Presha Nyumbani: Naitrojeni na Regulata, au Uache



Wengi wetu, kazi ya mchana ikiisha, twaanza kazi ya jioni. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na mtu mwenye ufundi mikononi hawezi kukaa bure akitazama ukuta. Mmoja hutengeneza redio, mwingine hushona viatu, na siku hizi wako wengi wanaotengeneza mtambo wa baridi wa magari, ule ambao madereva huuita eisii. Magari haya ya mitumba kutoka Japani karibu yote huja na mtambo huo, na baada ya miaka mingi barabarani huanza kuvuja. Mwenye teksi ya Mombasa au Kisumu hataki kupoteza abiria kwa sababu ya joto. Basi humwendea fundi aliye karibu, na fundi huyo mara nyingi ni mmoja wetu, na karakana yake ni ua wa nyumba yake.

Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Ni kazi halali, na inalipa karo. Neno langu ni juu ya jambo moja tu lililo ndani yake, nalo ni namna tunavyokipima kifaa ili tujue kinavuja wapi. Nasema bila kuzunguka: kifaa cha mtambo wa baridi kipimwe kwa naitrojeni kavu, kupitia regulata, kwa presha ndogo inayojulikana. Asiye na vitu hivyo asipime. Amwambie mteja, "Sina chombo cha kupimia," wala asione haya.

Najua wako watakaonuna. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

KAZI YENYEWE

Kwa wale wasioujua mtambo huu, nitaeleza kidogo. Ndani yake mna gesi, na katika magari mengi yaliyoko barabarani kwetu gesi hiyo ni ile iitwayo R134a. Kompresa huikandamiza gesi na kuipeleka kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya radieta, ambako hupoa na kuwa maji. Kisha hupita katika tundu jembamba, hulegea ghafula, na kuingia katika evaporeta, ile radieta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Hapo ndipo baridi hupatikana.

Gari likisimama mahali penye joto la digrii 30, gesi iliyo ndani husukuma kwa karibu pauni 100 juu ya kila inchi moja ya mraba. Kompresa ikifanya kazi mchana wa jua kali, upande wa kondensa hupita pauni 200. Hivyo tundu dogo lisiloonekana kwa jicho latosha kuimaliza gesi yote kwa juma moja au mwezi mmoja.

Fundi hukitoa kifaa, huziba midomo yake, hukijaza hewa, hupaka povu la sabuni au hukizamisha majini, kisha hutazama. Penye tundu patatoka mapovu. Njia hiyo ni njema, nami siipingi. Hatari iko katika maswali mawili ambayo wengi hawajiulizi: ni hewa gani, na ni presha kiasi gani?

HEWA ZISIZOFAA

Katika ua wa fundi hakukosi silinda ya kuchomelea. Naye fundi husema, hewa ni hewa. La, ndugu yangu, si hivyo.

Oksijeni ni adui wa kwanza. Ndani ya kila kondensa na evaporeta iliyotumika mna mafuta ya kompresa. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta, mafuta yale yaweza kuwaka na kulipuka bila kiberiti. Kila aliyefundishwa kuchomelea alikatazwa kupaka mafuta au grisi kwenye vali ya silinda ya oksijeni. Basi mtu anayeiingiza oksijeni katika kondensa yenye mafuta amefanya lile lile alilokatazwa siku ya kwanza ya kazi, tena amelifungia ndani ya bomba.

Asetilini ni mbaya vile vile. Gesi hii ikikandamizwa kupita pauni 15 yaweza kujilipukia yenyewe, hata pasipo hewa. Gesi ya kupikia nayo haifai. Ukipima kwa gesi ya kupikia katika ua wenye jiko la mkaa, umetafuta tundu kwa moto.

Hewa ya kompresa ya wenye kuziba pancha yaonekana haina dhara, lakini ina makosa mawili. Kwanza imebeba unyevu. Mafuta ya mtambo huu hunywa maji kama ardhi kavu inywavyo mvua ya kwanza. Unyevu ule baadaye huwa asidi inayokula chuma kwa ndani, au huganda kuwa barafu katika lile tundu jembamba, na mteja hurudi kwako na hasira. Pili, R134a peke yake haishiki moto kwa urahisi, lakini ikichanganyika na hewa nyingi chini ya presha yaweza kuwaka.

Na kuna wale wanaojaza R134a yenyewe ili waone inatokea wapi. Hiyo ni kutupa fedha za mteja angani. Tena gesi hiyo, kilo kwa kilo, huipasha dunia joto mara zaidi ya elfu moja kuliko moshi wa kaboni. Ndiyo sababu mataifa yalipatana mjini Kigali mwaka 2016 kuipunguza pamoja na gesi za jamii yake.

Imebaki naitrojeni. Haiwaki, haina unyevu ikiwa imenunuliwa kavu, haigombani na mafuta, na sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni hiyo hiyo. Lakini nayo si mwanakondoo. Silinda iliyojaa hushika pauni 2,000 na zaidi. Haina harufu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kuifukuza hewa njema mpaka mtu azimie asijue lililompata. Kwa hiyo yatakiwa regulata, na yatakiwa mahali pa wazi.

MZEE WA BOILA ALIJUA

Sisi watu wa Relwe hatuna udhuru katika jambo hili. Kazi yetu ilizaliwa na presha. Nendeni katika jumba la makumbusho la Relwe, Nairobi, mkaitazame ile Garratt namba 5918, "Mount Gelai". Ni ya jamii ya 59, injini 34 zilizotengenezwa Uingereza na Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956. Boila yake ilifanya kazi kwa pauni 225. Hizo si nyingi zaidi sana ya zile zilizo katika kondensa ya teksi siku ya joto.

Je, boila ilipimwaje baada ya matengenezo? Ilijazwa maji kwanza mpaka hewa yote itoke, ndipo presha ikapandishwa kwa pampu. Stimu ilikuja baadaye. Sababu yake ni hii. Maji hayakandamiziki, au yakandamizika kidogo mno. Chuma kikipasuka, maji hutoka, presha huanguka mara moja, na kazi imekwisha. Hewa hukandamizika kama springi. Chuma kikipasuka, springi nzima hufunguka kwa mara moja. Lita moja ya hewa yenye presha huweka nguvu mara zaidi ya elfu moja kuliko lita moja ya maji yenye presha ile ile. Kwa hiyo bomba likipasuka kwa maji huwalowesha watu. Likipasuka kwa hewa huwaua.

Masharti ya presha hayakutungwa na mtu aliyetaka kuwasumbua mafundi. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ilipasuka asubuhi wafanya kazi wakiwa kazini. Ilipanda juu ikapenya dari, jengo likaanguka, likashika moto. Watu 58 walikufa. Mwaka 1907 jimbo hilo likaweka sheria za boila. Sheria ilikuja baada ya mazishi, kama ilivyo mara nyingi kwa sheria za kazi. Sisi tunaoishi baada yao tumepewa maarifa hayo bure, na ni aibu kuyalipia mara ya pili.

Mtu atauliza, basi kwa nini tusiipime kondensa kwa maji? Ni kwa sababu ya ule unyevu niliosema. Maji yakiingia ndani ya mtambo huu ni taabu kuyatoa. Twalazimika kutumia gesi. Na kwa kuwa twalazimika kutumia njia yenye hatari kubwa, yatupasa tutumie presha ndogo.

KUTAFUTA TUNDU SI KUPIMA NGUVU

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Husikia kwamba kondensa hufanya kazi kwa pauni 200 na zaidi, basi hutaka kuipandisha mpaka 300 au 400 ili "waone kama itashika". Huko ni kupima nguvu ya chuma, na kazi hiyo ni ya kiwandani, nyuma ya ukuta au ndani ya kizimba cha chuma. Kazi yako wewe ni kutafuta tundu. Tundu linalovuja kwa 300 litavuja kwa 150 pia, ila polepole zaidi. Kinachotakiwa ni subira.

Tuhesabu pamoja. Kwa pauni 150, kizibo chenye eneo la inchi moja ya mraba kinasukumwa na uzito wa pauni 150, yaani kilo 68. Ni zaidi ya mfuko mmoja wa simenti unaotaka kuruka usoni pako. Ukiifungua silinda bila regulata ikaleta pauni 2,000, kizibo kile kile chasukumwa na kilo 900 na zaidi. Hakuna waya wa kufungia wala kijiti cha mti kitakachokishika.

NAMNA INAYOFAA

1. Gesi iliyomo ndani ya gari itolewe kwanza na mtu mwenye mashine ya kuivuta. Usifungue mpira ukaiacha iruke. Gesi hiyo huunguza ngozi na macho kwa baridi, na ikipita penye moto huwa sumu ya kuvuta.

2. Tazama kwa macho kabla ya kupima. Gesi ikivuja hutoka na mafuta, na vumbi hunata hapo. Mara nyingi doa jeusi la mafuta litakuonyesha mahali, na hutahitaji presha hata kidogo.

3. Kifaa kilicholiwa na kutu, kilichobonyea, au kilichokwisha kuchomelewa na mtu usiyemjua, usikipime. Kitupe katika vyuma vikuukuu.

4. Midomo izibwe kwa vizibo vya chuma vinavyofungwa kwa boliti au nati, vyenye mipira yake ya kuzuia. Usitumie kijiti, kitambaa, wala mpira uliokazwa kwa waya.

5. Silinda isimame wima, ifungwe mnyororo. Regulata iwe ya naitrojeni, na kati yake na kifaa iwepo vali ya usalama itakayofunguka yenyewe presha ikizidi. Mpira wa kupitisha gesi uwe umeandikwa presha unayoweza kuchukua.

6. Legeza kitasa cha regulata mpaka kiwe huru, ndipo uifungue silinda, polepole, ukisimama kando ya geji wala si mbele yake. Vaa miwani ya kazi.

7. Pandisha mpaka pauni 30 kwanza, ufunge, upake sabuni. Tundu kubwa litaonekana hapo hapo. Kama hapana, panda mpaka 100, kisha 150, na hapo ndipo mwisho. Ikiwa mtengenezaji ameandika kiasi kidogo kuliko hicho, fuata chake.

8. Kifaa kikiwa na presha usikaze nati, usikigonge, usikichomelee, na usikiinamie. Ukiona tundu, toa presha yote kwanza, ndipo ushike spana.

9. Ukitaka kukizamisha katika karai la maji, shusha presha mpaka iwe ndogo. Kitoe majini kabla ya kuitoa presha iliyobaki, maana presha ikiisha kingali majini, maji yataingia kwa lile tundu.

10. Funga silinda, andika namba ya geji, na uache saa moja au zaidi. Ukiacha usiku kucha, kumbuka baridi. Joto likishuka digrii 10, geji iliyokuwa 150 itashuka karibu pauni 5 bila kuvuja kokote. Wengi wametupa evaporeta nzima kwa sababu ya ubaridi wa Limuru.

Mambo haya si marefu kuyashika. Kijana aliyemaliza darasa la nane atayashika kwa siku moja.

WANAYOSEMA WENGINE

Wa kwanza asema, "Nimetumia oksijeni miaka kumi wala sijaumia." Namjibu, chuma hakihesabu miaka yako. Kila unapopima ni mara ya kwanza kwa kifaa kile kilichoko mbele yako, nawe hujui kina mafuta kiasi gani wala kutu yake imefika wapi.

Wa pili asema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni kweli kwa radi. Kwa jambo hili kinga ipo, nayo ni regulata, vizibo vya haki, na mkono usio na haraka. Mtu asijifiche nyuma ya methali.

Wa tatu asema, "Mteja ana haraka." Mteja ataondoka na gari lake. Wewe ndiwe utakayebaki na mkono mmoja. Na hapa kuna neno linalotuhusu sisi wanachama hasa. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa aliyeumia katika kazi ya mwajiri wake. Ukiumia Jumapili uani kwako kwa kazi ya jioni, sheria hiyo haikujui. Chama nacho hakina mahali pa kwenda kukudaia. Mwajiri wako wa mchana atakuuliza tu kama waweza kurudi kazini, na kama huwezi, mkono ulioumia kwa shilingi chache za jioni umekupokonya na mshahara wa mchana.

Tena kiwandani yuko msimamizi, uko ukuta, na iko kengele. Nyumbani hakuna hata kimoja, lakini wako watoto. Mtoto akiona mapovu katika karai atakuja kuchezea. Hilo peke yake latosha kumfanya mwenye akili aweke kamba kuzunguka mahali pa kazi, au aihamishe kazi mbali na nyumba.

Wa nne ndiye mwenye hoja ya kweli. Asema, "Regulata ni ghali, na silinda ya naitrojeni ni ghali zaidi, nami napata gari mbili kwa mwezi." Huyu simlaumu. Mtu mmoja hawezi. Lakini kwa nini awe mmoja?

SHAURI LANGU

Katika kila kituo kikubwa wako watano au kumi wafanyao kazi hii ya jioni. Kila mmoja ana vitu nusu nusu: huyu geji bila mpira, yule mpira bila vizibo. Wakichanga, watapata regulata moja, vali ya usalama, mpira mmoja mwema, seti ya vizibo, na silinda ya kukodi. Vitu hivyo viwekwe mahali pamoja. Liwepo daftari, na kila anayevichukua aandike jina na siku, na atoe fedha kidogo za kujazia silinda. Mmoja aliye mjuzi awafundishe wengine, na asiyefundishwa asipewe ufunguo.

Naliomba tawi letu liliweke jambo hili katika mkutano ujao. Siombi fedha za chama. Naomba chumba chenye kufuli, naomba daftari, na naomba neno la viongozi kwamba kupima kwa oksijeni ni mwiko kwa mwanachama. Tumezoea kudai usalama kwa mwajiri, na ni haki yetu, wala tusinyamaze. Lakini mtu anayedai miwani kwa mwajiri Jumatatu, na Jumapili akampimia mteja kwa oksijeni mbele ya watoto wake, maneno yake yana uzito gani?

Na mpaka siku hiyo ya regulata moja ifike, kifaa kinachotaka kupimwa kipelekwe kwa mwenye vyombo, hata akichukua nusu ya malipo. Nusu ya malipo na mikono miwili yanunua unga mwezi huu na mwezi ujao.

Wenu katika kazi,
Fundi wa Karakana